Dirisha la Kukhu

Wiki iliyopita fundi aliniuliza swali la kawaida kabisa, nikashindwa kulijibu. Tulikuwa pale kwenye ploti yangu, Busia, ukuta umefika kiunoni, na yeye amesimama na tepu yake akiningoja. "Madam, dirisha tuanzishe wapi?" Nikamwambia angoje kidogo. Nikauzunguka ule ukuta kama mtu aliyepoteza funguo. Nikachuchumaa, nikasimama, nikakaa juu ya tofali na kutazama barabarani. Fundi akamnong'oneza mwenzake, wakacheka. Sikuwalaumu. Wangejua nimelelewa katika nyumba ambayo mlango na dirisha viligombaniwa kuliko shamba la urithi, wangeninunulia soda.

Ni ile harufu iliyonimaliza. Simenti mbichi juu ya udongo wa maramu wenye maji. Wengine wakiinusa wanafikiria maendeleo. Mimi nikiinusa naanza kusikia makelele, sauti ya mama juu, ya baba chini, na fundi katikati akiapa kwamba kesho harudi.

Nyumba yetu ya Malaba haikujengwa fupi. Nataka hilo lieleweke, maana baba alimweleza kila mgeni aliyegonga kichwa, na waligonga wengi. Ilikuwa na kimo chake halali. Kisha wakaja kutengeneza barabara ya malori, wakaiinua kwa mawe na changarawe mpaka anayepita juu akawa anayaona mabati yetu kwa mgongo. Mvua iliyofuata iliteremka yote kwetu. Sufuria zikaelea, kuku wakapanda kitandani. Baba akaleta maramu, akajaza sakafu, akapiga simenti. Maji yakarudi. Akajaza tena. Mwishowe maji yakakoma, lakini sakafu ilikuwa imepanda na mabati hayakupanda. Baba, ambaye alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa mtaa, akawa anatembea ndani ya nyumba yake mwenyewe na shingo upande.

Madirisha sasa yalikuwa magotini. Mtoto wa jirani aliingilia dirishani akakuta ni rahisi kuliko mlangoni, akaendelea hivyo hivyo. Fremu za milango zilikuwa zimezikwa nusu, milango imekatwa chini mpaka ikabaki kama ya zizi. Ikabidi kila tundu la nyumba ile lizibwe na kutobolewa upya, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kila mtu alikuwa na kimo chake kichwani.

Baba alikuwa fundi wa maturubai. Malori yalipopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda, na foleni ile mnaijua, madereva walimletea maturubai yaliyochanika, akayashona uani kwetu kwa sindano nene kama msumari. Mtu wa kushona hupenda vipimo. Kwa hiyo alipomleta Fundi Okiru kutengeneza milango na madirisha, hakumwachia kazi. Alisimama nyuma yake na uzi wake mwenyewe.

"Boss," Fundi Okiru akamwambia siku ya kwanza tu, "hii nyumba imefika pahali haina kuchagua. Mabati iko hapa. Sakafu iko hapa. Hii ya katikati ndio mimi niko nayo. Wewe sema unataka kuingia umeinama ama umelala."

"Kuinama kidogo si mbaya," baba akasema. "Mtu akiingia kwa mwenzake akiinama, hiyo ni adabu."

Mama akatokea jikoni. "Adabu! Na mimi nikitoka bombani na ndoo kichwani, niiname namna gani? Maji nimwagie nani?"

"Utaitua mlangoni."

"Niitue mlangoni. Halafu niiburute?"

Hawakuelewana juu ya ndoo, wakahamia kwenye dirisha. Mama alitaka madirisha mapana na ya chini, kwa sababu bati lilikuwa juu tu ya nywele zetu na saa nane mchana tulikuwa tunaiva. Baba aliyataka juu, kwa sababu barabara sasa ilikuwa juu na dereva akisimama kukojoa anatuona mpaka vitandani. Fundi Okiru aliwasikiliza wote wawili akiwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa, akala mandazi yake, akajipangusa. "Penye wengi pana mengi," akasema, na akaenda nyumbani. Kesho yake hakuja kweli.

Katikati ya vurugu hiyo ndipo ikaja habari ya Kukhu. Ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Huyu alikuwa mama yake mama, akikaa peke yake Matayos, na mguu wake ulikuwa na kidonda kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Kilikuwa kinaoza. Kila asubuhi kilihitaji kuoshwa na kufungwa na mtu anayejua, na zahanati yenye mtu huyo ilikuwa Malaba, karibu na kwetu. Wajomba zangu walikuwa mbali, mmoja Nairobi, mmoja Kampala, na wote kwenye simu walisema pole. Daktari alikuwa amemwambia mama waziwazi: kidonda kikipuuzwa, mguu unakwenda, na mwenye mguu anaweza kwenda nao. Kukhu akae kwetu au apoteze mguu, hakukuwa na jambo la tatu.

Baba hakubisha hata neno moja. Alitoa maturubai yake kwenye chumba cha pembeni, kile cha upande ambapo paa limeteremka, akakifagia mwenyewe. Nilifurahi. Nilimpenda Kukhu kuliko watu wote, alikuwa na mdomo mchafu na mfuko wa njugu. Kisha nikamsikia baba akimwagiza Fundi Okiru, aliyekuwa amerudi kazini, nami nimekaa nyuma ya rundo la matofali nikichezea mchanga.

"Dirisha liende juu kabisa," baba alisema. "Chini tu ya bati. Huyo mama asinione nikipita, na mimi nisimwone. Hata kisogo."

"Hapo juu atapata mwanga kidogo, boss, lakini hataona kitu."

"Ndivyo ninavyotaka. Na mlango wake uwe wa huko nje, peke yake. Usitoboe kuja ndani kwetu."

"Huko bati imeshuka sana. Mlango utafika kifua yako tu. Ama nichimbe sakafu?"

"Maji yamwingilie? Acha ufike kifuani. Yeye ni mfupi. Mimi huo mlango sitaupita maishani mwangu."

Nyinyi wenzangu mliokulia vijijini mmeshaelewa. Mimi nilikulia kando ya malori, na hakuna aliyewahi kunieleza kitu. Nilielewa jambo moja tu: baba anamchukia Kukhu. Anamjengea jela. Usiku ule nilikataa kula ugali wake, na alipouliza kwa nini, nikasema tumbo. Nilikuwa na hasira ambayo mtoto huwa nayo, ile ya kutaka dunia nzima ijue bila kumwambia mtu.

Siku Kukhu alipofika, baba alijificha. Sina neno lingine. Gari liliposimama juu barabarani, yeye, baba wa watu, mrefu vile, aliingia chooni na kujifungia humo mpaka mama alipomshusha Kukhu, akamzungusha, akamwinamisha mlangoni na kumketisha. Ndipo akatoka, akakohoa, na akarudi kushona turubai kana kwamba hakuna aliyekuja. Nilimfuata mama jikoni nikimvuta leso.

"Kukhu alimkosea baba nini?"

"Kumkosea? Nani kasema? Ni heshima hiyo. Mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawapiti mlango mmoja."

"Hata mmoja akiwa mgonjwa?"

"Hata."

"Na wakikutana kwa bahati mbaya?"

"Ndiyo maana ya dirisha," mama akasema, na akaguna kwa namna iliyonionyesha kwamba dirisha lile hakulipenda hata yeye.

Sikumwamini. Nilijua watu wazima wana majina mazuri ya mambo mabaya. Baadaye nilikuja kusikia kwamba familia nyingine humaliza jambo hilo kwa zawadi, shuka au mbuzi, wakapeana mikono na kuendelea na maisha. Lakini Kukhu alikuwa wa zamani, na baba alikuwa amepitiliza. Kwa baba, heshima ilikuwa kama chumvi kwa mpishi mlevi. Aliendelea tu kuongeza.

Na hapo mimi nikapata kazi ambayo sikuiomba. Kati ya chumba cha Kukhu na sebule yetu kulikuwa na ukuta mmoja wa tofali, mwembamba, usiofika hata kwenye bati vizuri. Mtu akikohoa upande huu, wa upande ule anamwambia pole. Lakini wale wawili hawakuweza kusemezana. Kila kitu kilipitia kwangu.

"Mwambie baba yako redio iko chini, sisikii matangazo ya vifo."

Baba, hatua mbili kutoka pale, ameshasikia na mkono wake uko kwenye redio. "Mwambie Kukhu betri imelala."

Mimi nimesimama nje, kwenye jua, kati ya milango miwili. "Kukhu, amesema..."

"Nimesikia. Mwambie betri huanikwa juani."

"Mwambie Kukhu nimezianika jana."

Haki ya nani, nilikuwa na umri wa kuruka kamba. Wenzangu walikuwa wanacheza, na mimi natembea hatua tatu kwenda na tatu kurudi nikibeba maneno ambayo yameshafika kabla yangu. Siku moja nikagoma. Nikasimama katikati na kupiga kelele, "Si nyote mmesikia!" Kukhu, taratibu kabisa, akasema, "Mwambie baba yako mtoto wake hana adabu," na baba akajibu kupitia kwangu kwamba anakubaliana naye. Ndiyo mara ya kwanza kuwaona wameungana.

Mguu ulianza kupona. Mama alimpeleka Kukhu zahanati kila asubuhi, baba akiwa ameshatoka mapema kwa makusudi. Nyama mpya ilikuwa inaota, ya waridi, Kukhu alinionyesha kwa fahari. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anazama. Chumba kilikuwa giza saa nne asubuhi, joto la bati linamkalia kichwani, na lile dirisha pale juu linatoa kipande cha mbingu na waya wa stima. Huku nje Malaba yote inapita: malori, bodaboda, akina mama wa ndizi kutoka ng'ambo, wabeba mizigo wanaotukanana kwa lugha nne. Anasikia yote, haoni lolote.

"Nini hiyo imelia hivyo?"

"Trela, Kukhu."

"Imebeba nini?"

"Sijui. Limefunikwa."

"Kwani huna macho? Ya namna gani? Dereva ni Msomali? Yule anayecheka ni nani? Anacheka nini?"

Nilikuwa namwelezea mpaka nachoka, na nikichoka nadanganya. Niliwahi kumwambia kuna lori limebeba twiga. Alitazama kile kipande chake cha mbingu, akasema, "Mtoto, kama ni kweli nimekosa kumwona twiga kwa sababu ya baba yako, Mungu atamuuliza."

Nikaona nafasi yangu. "Kukhu, baba anakuchukia?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba yako? Baba yako ananiheshimu. Ananiheshimu sana, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Angekuwa mpumbavu kidogo ningekuwa nimekaa pale nje naota jua."

Siku chache baadaye aliacha kula. Akamwambia mama anarudi Matayos. Mama akamkumbusha kidonda. "Heri kidonda kwangu kuliko uzima kwenye chungu kilichofunikwa," Kukhu akasema, na akaanza kufunga nguo zake kwenye leso. Siku iliyofuata, Kukhu akiwa bado hajapata gari, mama alimvaa baba uani mbele ya maturubai.

"Lishushe lile dirisha."

"Lishuke wapi? Njia ni hiyo moja. Nikitoka barabarani lazima nipite chini ya pua yake."

"Basi akuone! Atakufa akikuona?"

"Mimi si mtu wa kumvunjia mama wa watu heshima. Heshima si utumwa."

"Kwako wewe ni utumwa! Na mfungwa ni mama yangu! Akirudi Matayos mguu ukaoza, utakwenda kuuheshimu kaburini?"

Baba aliinama akaingiza uzi kwenye sindano, akakosa, akajaribu tena. Mama akachukua kikapu chake na kuvuka kwenda soko la ng'ambo akiwa bado anaongea peke yake.

Nilikuwa uani na baba mchana ule. Tukasikia kishindo, kisha kitu cha bati kikiviringika sakafuni, kisha Kukhu akiita jina la mama yake aliyekufa zamani. Baba alitupa sindano. Akakimbia mpaka kwenye kile kimlango, akasimama nje kama aliyegonga kioo, akaugeuzia mgongo.

"Muulize ameumia?"

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga baba yangu. Nasema kweli, nilikunja ngumi. Niliingia nikamkuta Kukhu amelala ubavu, kibao chake cha kukalia kimeanguka, na juu ya kibao alikuwa ameweka debe, na debe limekwenda mpaka pembeni. Alikuwa amepanda. Kikongwe mwenye mguu mmoja mzima alikuwa amepanda debe juu ya kibao ili atazame nje.

"Mwambie baba yako sijaumia," akasema. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Bandeji ya mguu ilikuwa imelowa damu. Akajaribu kujiinua, akashindwa, akaanza kutetemeka. "Mwambie... siwezi kuinuka."

"Muulize kama anaweza kungoja mama arudi," baba akasema nje.

"Kuna damu nyingi!" nikapiga kelele. "Aingie mtu! Waite madereva!"

"Madereva? Niite mwanamume wa barabarani aje amkamate mama wa mke wangu, nguo zimemfunguka?" Nilimsikia akipumua. Kisha akasema, "Chukua leso. Mfunike vizuri. Na uso pia."

Nilimfunika. Na baba akaingia. Aliingia kinyumenyume, kupitia mlango ule aliosema hataupita maishani, na kwa kuwa ulimfika kifuani na yeye hakutaka kugeuka, ilimbidi apige magoti, aweke viganja vyake chini, na arudi nyuma kwa miguu yake kama mtu anayetoka mvunguni. Macho ameyafumba.

"Nielekeze."

"Nyuma kidogo, baba. Kushoto. Hapo kuna debe. Nyuma. Basi."

Akachuchumaa akimpa Kukhu mgongo. Nikausogeza mkono mzima wa Kukhu shingoni mwake, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote, na Kukhu akamlalia mgongoni, kichwa chini ya leso, kama mtoto mchanga anayebebwa kwenda kliniki. Baba akaishika miguu yake pembeni ya kile kidonda. Kutoka ndiko kulikokuwa kazi. Mlango uliomshinda mtu mmoja, sasa ni watu wawili, mmoja juu ya mwingine. Baba akashuka magotini, akashuka kiwiko kimoja, kidevu chake kikagusa simenti, na bado mgongo wa Kukhu ulikuwa unagusa fremu.

"Baba," Kukhu akasema. Hakusema mwambie. Hakuniangalia mimi. "Baba, inama zaidi."

"Nimeinama, mama," baba akasema. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanadondoka sakafuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Walitoka hivyo. Jirani mwenye gari alikuja mbio akatupeleka hospitali, Kukhu na mimi nyuma, baba mbele akitazama kioo cha mbele tu, shingo imekauka. Kiuno hakikuvunjika, mkono tu. Mguu ukaoshwa upya. Wakamlaza.

Kabla hajaruhusiwa, baba alikwenda kumtafuta Fundi Okiru na kumrudisha kwa kumbembeleza. Fundi akasimama mbele ya ule ukuta, mikono kiunoni. "Boss, si nilikuambia? Si nilikuambia ama sikukuambia?" Baba akasema aliambiwa. Akaniketisha juu ya kibao cha Kukhu, akaweka tofali chini yangu, akaliondoa, akaniambia nikae kama mzee, nisijinyooshe. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona mguu wa mtu. Wakakata juu kidogo. Naona lori. Naona uso wa dereva. "Hapo," baba akasema, na Fundi Okiru akapiga alama kwa msumari. Lilikuwa dirisha zuri kuliko yote ya nyumba ile, pana, la chini, likitazama njia yote mpaka barabarani.

Nilidhani mambo yamekwisha. Wamebebana, wamesemezana, baba kaitwa baba na mama kaitwa mama. Kukhu akarudi, akaketi dirishani, akaagiza njugu, akatazama trela likipita na kutoa sauti ya kuridhika. Kisha akaniita. "Mwambie baba yako dirisha nimeliona. Ni zuri." Na kutoka sebuleni: "Mwambie Kukhu asante." Nilikaa chini pale pale uani nikashika kichwa.

Na baba sasa anapita wapi? Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mtaro wa maji machafu kutoka pale wanapooshea malori, maji meusi yenye mafuta, na ng'ambo ya mtaro vyoo vya ploti ya jirani. Hakuna aliyepita huko ila mbwa. Kuanzia siku ile, baba akitoka barabarani alishukia mbali, akavua viatu, akakunja suruali, akavuka mtaro, akapita nyuma ya vyoo, na kuingia nyumbani kwake kwa kuruka ukuta mfupi wa jikoni. Asubuhi vivyo hivyo. Mvua, jua, na turubai zito begani. Mama alimwita mwendawazimu. Majirani walimcheka. Mimi nilimwonea haya shuleni.

Kukhu alikaa siku nyingi bila kuuliza. Kisha akaniuliza mbona hamsikii baba akipita njiani, nikamwambia. Jioni ile, ilipofika saa ya baba kurudi, akaniambia nikigeuze kibao chake. Akakaa akiutazama ukuta, dirisha likiwa mgongoni.

"Kimbia barabarani. Mwambie baba yako nimegeuka. Apite."

Nilimkuta baba ameshavua kiatu kimoja. Nikampa ujumbe. Akatazama kule chumbani, akatabasamu, akavua na cha pili. "Mwambie Kukhu asijisumbue, atazame barabara. Mimi nimeshazoea."

Ikawa hivyo kila jioni. Kukhu anageuka, baba anazunguka. Kila mmoja anamwachia mwenzake njia, na njia yenyewe imelala pale katikati, kavu, safi, bila mtu. Mimi nakimbia kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine nikiwa nimenuna. Mnaona nilivyolelewa?

Mguu ulipona kabisa. Ni moyo uliomchukua, mwaka mwingine, asubuhi moja akiwa dirishani, na mama alidhani anasinzia. Tukampeleka Matayos tukamzika huko, upande wa mgomba wake. Baba alisimama mbali kabisa na kaburi, nyuma ya watu wote.

Tuliporudi Malaba mvua ilikuwa imenyesha. Gari lilitushusha juu barabarani, mama na mimi tukateremka kwa ile njia, tukapita chini ya dirisha. Lilikuwa wazi. Kibao kilikuwa ndani. Tulipofika mlangoni mama akageuka na kumwona baba bado yuko juu, amesimama.

"Njoo tu, Baba!" mama akamwita. "Pita hapa! Hakuna mtu pale tena!"

Baba akalitazama lile dirisha. Akainama akaanza kufungua kamba za viatu.

Mama akakaa chini mlangoni na leso usoni. Nilitaka kupiga kelele, nilikuwa na haki ya kupiga kelele, lakini nilikwenda jikoni nikamwekea maji ya moto ya kuosha miguu, kwa sababu matope ya kule nyuma nilikuwa nayajua.